Usimwambie Daktari "Yupo Yupo Tu"

Baba Pacha,

Mama yako yuko hospitali. Nimerudi mbio kuchukua shuka, na simu yako haipatikani. Mapacha wako kwa fundi cherehani. ~~Wapitie uwape uji~~ waache hukohuko, njoo moja kwa moja.

Asubuhi nilikuuliza ameamkaje. Ukanijibu, "Yupo yupo tu," nikaenda zangu kuanika nguo. Nilipoingia kwake, mdomo umekwenda upande, chai imemwagika kifuani.

Daktari anauliza: alfajiri alikuwa anatamka vizuri? Kikombe alishika mwenyewe? Dawa ya kumpa inategemea hilo, na wewe peke yako ndiye uliyeingia kwake.

Nakuomba, mume wangu, sema ulichokiona. Na kama hukumwangalia, sema hukumwangalia.

Mama Pacha