Droo ya chini ya friji la mama

Lusungu uko wapi?? Pokea simu. Nimeharibu.

Lile friji bovu la mama, si nimeligawa bure asubuhi akiwa kanisani? Nimempa Tusekile, yule muuza samaki wa Lyulilo, awe anawekea barafu.

Mama karudi, kasimama pale lilipokuwa. "Friji langu liko wapi?" Nikamwambia nimeligawa. Akauliza tena, taratibu kabisa. "Friji langu liko wapi?"

Hati ya shamba la kokoa ilikuwa droo ya chini! Aliiweka humo tangu tumzike baba, panya wasiitafune. Mimi ningejuaje jamani??

Nikampigia Tusekile. Anasema droo ilikuwa tupu. "Baba yako mdogo aliisafisha kabla hatujapakia."

Baba mdogo Ambakisye, Lusungu!! Huyo huyo anayesema kila siku shamba la kaka yake lirudi kwa ukoo. Ndiye aliyenishauri niligawe. Ndiye aliyelibeba mpaka kwenye guta.

Mama hata hajalia. Amekaa chini, anapaangalia tu pale ukutani.

Na mimi nilimpa baba mdogo chai. Nikamshukuru kwa mikono miwili, ndaga fijo, baba.