Safari ya Kondoa Niliyojiandikia

Nzuguni, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Agnes,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi hiki ni vumbi tu, upepo wa huku msimu huu unaingia mpaka kwenye kopo la chumvi. Wewe magoti yanaendeleaje? Shemeji bado anagoma kwenda kupima presha? Na kahawa, mmeshaanza kuchuma? Nakuuliza yote haya kwa sababu juzi kwenye simu hatukujuliana hali. Tuligombana tu, halafu ukanikatia.

Ndiyo maana nimechukua karatasi. Kwenye simu nikinyamaza unadhani nimekosa la kusema, na mimi nikikusikia unalia nasahau nilichotaka kukueleza. Uliniambia, "Saini hiyo barua, mdogo wangu, kazi hazipatikani." Sikusaini. Sasa kaa chini usome kwa nini, ili ukikasirika uwe unajua unachokasirikia.

Kazi yangu unaijua, naendesha pikapu ya kampuni ya kuchimba visima. Madereva tuko wawili, mimi na Shabani wa Kondoa. Kila gari lina kitabu cha safari, unaandika tarehe, ulikokwenda, kilomita na jina la dereva. Kinatakiwa kijazwe kila siku. Hakuna anayekijaza kila siku. Tunangoja mwisho wa mwezi, tunakaa kwenye benchi nje ya karakana na kuanza kukumbushana, "Jumanne ile tulikuwa Bahi au Mpwapwa?" Na anayeandika ni mimi, vitabu vyote viwili, kwa sababu ya mwandiko huu ulionifundisha wewe kwa kunishika mkono na kunipiga vidole. Ofisini walinisifu, eti kitabu changu kinasomeka kama kimepigwa chapa. Na mimi, bwege, nikavimba kichwa.

Sasa, Jumamosi moja miezi mitatu iliyopita nilimpeleka meneja wetu Majengo kununua mchele. Tunamwita Mkubwa. Tulipomaliza kupakia akaninyooshea mkono, "Nipe ufunguo, wewe nenda kapumzike." Alikuwa na harusi Kondoa. Kwa taratibu za kampuni Mkubwa haruhusiwi kuendesha gari la kazi, bima inamtaka dereva aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Kila mtu analijua hilo, na kila mtu anajua kwamba anaendesha. Nikapanda bajaji nikarudi zangu Nzuguni, na jioni nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mwisho wa mwezi Mkubwa akapita pale kwenye benchi letu na kikombe chake cha chai. "Ile ya Kondoa jiandike wewe. Sema tulikwenda kuangalia kisima." Nikaandika. Hakunitisha, wala hakunibembeleza. Niliandika kama ninavyoandika siku zote, safi, bila kufuta hata herufi moja.

Hilo ndilo kosa langu, dada, na silikatai.

Notisi imetufikia wiki mbili zilizopita. Kumbe ilikuwa imelala makao makuu Dar es Salaam, maana gari limesajiliwa kwa anuani ya kule, na aliyeipokea aliichomeka kwenye faili la bima akaendelea na shughuli zake. Inasema Jumamosi ile jioni gari letu lilipigwa tochi ya mwendo kasi kabla ya kufika Haneti, pale kwenye nyumba za watu, penye kibao cha hamsini, likiwa linakwenda themanini na tisa. Picha ipo. Inaonyesha nyuma ya gari, namba na vumbi, dereva haonekani. Ingekuja wiki ileile, Shabani angekumbuka, fundi wa karakana angekumbuka, na Mkubwa mwenyewe asingekuwa na uso wa kukataa, maana Jumatatu yake alitugawia keki ya harusi. Lakini baada ya miezi mitatu watu wote wamesahau, au wameona afadhali wasahau. Kimebaki kitabu.

Wakaniita. Sheria ya kampuni inasema dereva akipigwa tochi kwenye makazi ya watu anaondolewa kwenye gari, labda akiri kwa maandishi, hapo anapewa onyo na kuendelea na kazi. Mezani walikuwa watatu na aliyekaa katikati ni Mkubwa. Akaniwekea barua ya kukiri iliyokwisha kuchapwa, nisaini tu, kisha akafungua kitabu akakigeuzia upande wangu.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu, mkubwa."

"Na hilo jina?"

"Langu. Ila siku ile gari ulikuwa nalo wewe. Ulikwenda harusini."

Akawageukia wenzake, akacheka kidogo. "Jamani, kumbe huyu bwana anaandika uongo kwenye nyaraka za ofisi?"

Nikakwama. Nikisema ndiyo, mimi ni mwongo. Nikisema hapana, mimi ndiye niliyeendesha. Nilitoka mle ndani na hasira, na sikujua nimkasirikie nani zaidi, yeye au mkono wangu.

Niliomba muda wa kupinga. Mwalimu wa kwaya akaniandikia barua kwamba jioni ile nilikuwepo na niliimba, wakamjibu kwamba wanakwaya si waajiriwa wa kampuni. Nikaenda kwa trafiki. Nikamkuta askari mmoja mama mtu mzima, na alinisikiliza kuliko watu wote wa ofisini kwetu.

"Sisi tunamjua mwenye gari, mwanangu," akasema. "Aliyeshika usukani mtaelewana wenyewe huko ndani."

Nikampa barua ya kwaya na nakala ya ukurasa wa kitabu. Akausoma, akavua miwani.

"Hii umeiandika wewe? Na hukuwepo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mshukuru Mungu ni picha tu. Pale watoto wanavuka na ndoo zao kufuata maji. Angegonga mmoja, ungeniletea hii barua ya kwaya?"

Nilitembea kutoka pale mpaka stendi ya bajaji bila kuona nilipokanyaga. Dada, mimi nilikuwa nahangaikia kazi, kumbe ningeweza kuwa nimefungwa kwa ajili ya mtoto ambaye sikuwahi hata kumwona, na ushahidi wote ungekuwa wa mkono wangu, na kila mtu angeusifu kwa jinsi unavyosomeka.

Ndiyo sababu sikusaini. Uliniambia ni kiburi. Si kiburi, ni woga. Nikisaini hii moja nimesaini na zote zinazokuja. Ataendelea kuchukua ufunguo kila Jumamosi, na kila atakapokanyaga mafuta itakuwa nimekanyaga mimi.

Ijumaa asubuhi nilipeleka barua ya kujieleza, kurasa mbili. Nimeandika kwamba nilidanganya kitabuni, nimeandika nani aliniambia nidanganye, na nimeweka jina lake kamili na cheo chake. Kabla ya saa sita walishaniomba ufunguo. Nimepewa mpaka kesho, ama niiondoe barua nirudishiwe gari, ama nisirudi. Siiondoi. Kesho nakwenda kuchukua koti langu lililobaki nyuma ya kiti, basi.

Najua kanisani huko ulishawaambia wote kwamba mdogo wako ni dereva wa kampuni Dodoma. Naona aibu kwa ajili yako, na inaniuma kuliko ufunguo wenyewe. Leseni yangu bado ninayo, nitaulizia kwenye malori. Watakaokuja kukuambia nimefukuzwa kwa mwendo kasi, wasomee barua hii, au wape waisome wenyewe, si inasomeka.

Nisalimie shemeji, mwambie presha haiogopi ukali wake. Nisalimie mama mkubwa Kostansia, na mjomba wa kwenye mashine ya kusaga, na mwalimu wangu wa darasa la pili kama bado anapita hapo kwako kuomba majani ya chai. Wanao wabusu wote. Ukiwa bado umekasirika, piga simu hivyohivyo, nitapokea.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Deogratias

Nilikuwa nimeshaikunja barua, nimeikunjua tena. Shabani amefika hapa sasa hivi na kitabu chake, maana mwezi umeisha. "Kaka, nijazie basi, kesho wanakitaka." Anasema jana Mkubwa alichukua gari la Shabani kwenda Kondoa, na ameagiza safari iandikwe kwa jina la Shabani. Nikamwambia siandiki. Nikamsomea haya yote, ya yule askari mama nikayarudia mara mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema pole sana kaka. Kisha akasema mke wake amejifungua juzi, akaniomba kalamu. Nimemwazima hii ninayokuandikia, ameirudisha sasa hivi. Mwandiko wake unapanda na kushuka, lakini jina lake kaliandika lote.