Siku Saba Hadi Tisa

Dada yangu mpenzi,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na wote waliomo humo ndani, kuanzia wakubwa hadi yule mjukuu anayejifunza kutambaa. Mimi ni mzima wa mwili. Goti lako je? Ulisema likikaza asubuhi huinuki mpaka jua lipande. Natumai ile dawa ya kuchua imesaidia, na kama haikusaidia basi angalau umepata kisingizio cha kuchuliwa na shemeji.

Najua umenuna. Miezi minne bila barua si kidogo, na ule ujumbe wa "niko salama, kazi zimenizidi" ninaokurushia kwenye simu huwezi kuuita barua. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu simu yako inapita mikononi mwa kila mtoto wa nyumba hiyo, na haya ni ya macho yako tu. Keti, weka mguu juu ya stuli, usome polepole.

Utakumbuka binti yako aliponitembelea mwaka juzi, akaviona viatu vyangu vimepangwa rafuni vinakusanya vumbi, akasema, "Mama mdogo, wateja wako hawako mtaa huu." Hakukosea. Kazi niliyoachiwa na baba ni ya kushonea watu ambao miguu yao hailingani, soli moja nene na nyingine nyembamba, ili mtu asimame sawa. Mtaa mmoja una watu wangapi wa namna hiyo? Hapa wapo wawili, na mmoja huja kupiga soga tu. Basi akanifungulia duka kwenye soko la mtandaoni, picha akapiga yeye, maelezo akaandika yeye, na kabla hajaondoka oda ya kwanza ikaingia kutoka nchi ambayo ilibidi niitafute kwenye ramani. Furaha ile nilikuandikia.

Nisichokuandikia ni hiki. Chini ya kila picha ya kiatu kuna mstari mdogo wa kijani unaomwambia mnunuzi kwamba mzigo wake utamfikia ndani ya siku saba hadi tisa. Mstari huo sikuuandika mimi na siwezi kuufuta. Unaandikwa na mfumo wao. Mfumo unaanza kuhesabu dakika ile mtu anapolipa, kana kwamba kiatu kimekaa mezani kinamngoja, na kana kwamba mpaka wa nchi ni kizingiti cha mlango unaokiruka tu. Kumbe jozi moja inanichukua siku nne, maana ngozi lazima ikae kwenye kalibu ya mti yenye umbo la mguu mpaka ikauke. Kisha iende posta, ilale forodha ya huku, ipande ndege, ilale forodha ya kule. Mambo yakienda vizuri ni mwezi mzima. Yakienda vibaya, Mungu ndiye anayejua.

Niliwapigia simu wenye soko. Binti mmoja mwenye sauti tamu akanieleza kwamba makadirio hutolewa na mfumo na hakuna mtu anayeruhusiwa kuyagusa. Nikamuuliza huo mfumo unakaa wapi niufuate tukazungumze uso kwa uso. Hakucheka. Akaniambia nijitahidi kutuma mapema.

Wateja nao wana haki yao. Mama mmoja alimwagizia mwanawe viatu vya kuanzia shule. Vilifika mtoto akiwa ameshazoea kuchekwa. Akaandika hadharani kwamba mimi ni mwongo, na nani angembishia? Tarehe ilikuwepo, na jina la duka langu lilikuwa juu ya tarehe. Mwingine akaandika, na mwingine. Nyota zangu zikapungua, na soko lile likikuona una nyota chache linakusogeza nyuma, mpaka mtu akutafute kwa tochi. Oda zikakauka. Kwa hiyo, dada, niliposema kazi zimenizidi, kazi hazikuwepo. Nilikuwa naogopa ukijua utaniambia nifunge nije kukaa kwenu, na mimi nitakaa vipi kwa mtu nikiwa sina cha kushika mkononi?

Mshonaji wa chumba cha pili naye alihama mwezi ule ule, yule tuliyekuwa tukipokezana mkasi na umbea. Chumba chake sasa ni stoo ya viti vya kukodisha. Nilikuwa nasikia sindano yangu ikitoboa ngozi, basi. Kuna siku adhuhuri iliingia nikagundua sijatamka neno tangu niamke. Nikajiita jina langu mwenyewe, nione kama sauti bado ipo. Ilitoka imekwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

Katika hali hiyo ndipo ikaingia oda moja, ya mwisho, kutoka kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikuwa amezichora nyayo zake mbili juu ya gazeti, akalaza rula pembeni na kunipigia picha, vipimo vyote ameviandika kwa mwandiko wa ubaoni. Mguu wa kushoto umepungua sentimita nne baada ya ajali. Sijawahi kupata mteja aliyejipima vizuri namna ile. Yeye huandika kwa lugha yake na mimi kwa yangu, na mtandao unatafsiri katikati kama mkalimani aliyelewa pombe. Siku ya kwanza aliniita "Mheshimiwa Kiatu". Nilipomjulisha kwamba soli imekauka vizuri, mtandao, unaojua samaki wa ng'ambo aitwaye soli, ukamwambia samaki amekauka, naye akaniuliza kwa heshima zote samaki anaingiaje kwenye kiatu. Nilicheka peke yangu mpaka nikaweka nyundo chini.

Siku ya kumi, asubuhi na mapema, akaniandikia kuuliza viatu vyake viko wapi. Nikamwambia ukweli wote, kwamba tarehe aliyopewa ni ya kubahatisha na asubiri hata mwezi. Nilijua atakasirika. Badala yake akajibu kwamba katika miaka thelathini na moja darasani, mwanafunzi aliyemletea hesabu ya namna ile alirudishwa nyuma akafanye upya. Kisha akaniuliza kama kwetu kuna mvua.

Tangu hapo hakuna asubuhi iliyopita asiniandikie. Huanza na viatu, kama mtu anayebisha hodi, halafu anaingia kwenye mengine. Anaishi peke yake ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Kiatu chake cha zamani kilibanduka soli, fundi wa kwao akakigandisha kikabanduka tena, na kwa kandambili hawezi ngazi. Mkate analetewa na jirani. Yeye hukaa dirishani, chini yake kuna kituo cha basi, anahesabu wanaopanda na wanaoshuka na kuona kama hesabu inakubali jioni. Haikubali kamwe, alisema. Alinisimulia mkewe alivyokuwa akiimba vibaya. Nami nikamsimulia mume wangu, hata lile ambalo sikukwambia wewe, kwamba wiki ile ya mwisho hospitali alinisahau, akawa ananiita "nesi", nami nikawa naitika. Mwalimu akaandika kwamba kuitika ndiko kulikokuwa sahihi.

Nikawa naishika simu kabla sijanawa uso. Yule jamaa wa soga aliniona siku moja natabasamu dirishani, akasema, "Mama Soli, umri huu unachekelea simu?" Nikamfukuza kwa brashi ya rangi, lakini dada, alikuwa amesema kweli.

Sasa hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika.

Siku ya hamsini na nane karani wa posta aliniita, yule bwana mnene anayegonga mihuri kama anaua nzi. Mzigo wa Mwalimu ulikuwa umerudi. Ulifika hadi mji wake ukakosa mlango, kwa sababu mfumo ulipochapa anwani ulikata mwisho wa mstari, na namba ya ghorofa na chumba haikuwepo. Karani akasema niandike anwani upya, ataurudisha ndani ya gari la siku ile ile. Nikamwambia nitaurudisha kesho, nataka kwanza kukagua kama ngozi haikupata unyevu. Nikaubeba nyumbani. Ngozi haikuwa na neno lolote. Kesho yake asubuhi Mwalimu akaniuliza kama kuna habari, na boksi liko pale mezani, natazamana nalo. Nikaandika: "Mzigo bado uko njiani, Mwalimu."

Sikuwa nimepanga, nakuapia. Vidole viliandika nami nikiviangalia. Nilichokuwa nafikiri ni kwamba viatu vikifika, atasema asante, atashuka ngazi zake, na asubuhi hazitakuwa na mtu. Nikajipa siku moja. Siku moja ikazaa nyingine. Nikauhamishia mzigo kabatini, nyuma ya makoti ya marehemu, ili nisiuone ninapoandika. Na mwongo akishaanza huwa fundi: nikamwambia umetoka forodha, nikamwambia umekwama kwa sababu ya ukaguzi, nikamwambia wafanyakazi wa ghala wamegoma. Yeye alikuwa ananipa pole. Mimi, dada, mtoto wa baba yule aliyerudi hatua elfu kumrudishia mtu kamba yake ya kiatu, nilikaa na viatu vya mlemavu kabatini siku kumi na saba.

Asubuhi ya kumi na nane ujumbe wake haukuanza na viatu. Aliandika kwamba rafiki yake, mwenzake aliyefundisha naye shule moja miaka ishirini, amefariki. Nyumba ya rafiki huyo iko mtaa wa pili kutoka kwake, umbali wa kutembea mtu mwenye viatu. Alijaribu kushuka kwa kandambili, akafika ngazi ya sita, mguu ukakataa, akakaa pale pale mpaka jirani alipomkuta na kumpandisha. Gari lenye jeneza lilipita chini ya dirisha lake. Alisimama ameshika pazia mpaka likakata kona. Mwisho wa ujumbe akaniambia: "Usijilaumu, Fundi. Kosa si lako, ni la mfumo."

Nililisoma neno hilo nimesimama katikati ya chumba. Kama angenitukana ningepata pa kujificha.

Nikavaa, nikautoa mzigo nyuma ya makoti, nikaenda posta mbio mbio kama ninayefukuzwa. Karani akautazama, akaniuliza, "Si ndio huu niliokupa? Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Nikamjibu, "Kwangu." Nililipia njia ya haraka kuliko zote, anwani nikaiandika kwa kalamu pande zote nne za boksi. Halafu nikaketi kwenye benchi la posta nikamwandikia Mwalimu kila kitu: siku mzigo uliporudi, mahali ulipokuwa, na kwamba nilimdanganya kwa sababu sikutaka asubuhi zake ziishe. Sikumwomba anisamehe, maana ningekuwa namwongezea kazi.

Alama ikaonyesha ameusoma. Hakujibu. Kesho yake hakujibu, wala kesho kutwa. Cha ajabu, safari hii mzigo ulifika siku ya nane, sawasawa na ule mstari wa kijani.

Siku mbili baadaye nikapata taarifa kwamba mnunuzi ameacha maoni. Nyota tatu. Nayajua kwa moyo, na mtandao safari hii haukukosea hata neno: "Viatu vinanikaa vizuri. Nimeshuka ngazi peke yangu na nimekwenda makaburini. Fundi huyu anaijua kazi yake. Maneno yake msiyaamini."

Wenye soko wakaniletea ujumbe kwamba, kwa kuwa ucheleweshaji haukusababishwa na mimi, naweza kuomba maoni hayo yafutwe. Nimeyaacha. Ndiyo maoni pekee dukani kwangu yaliyoandikwa kwa haki. Na wiki iliyopita nilifunga kila picha ya kiatu isipokuwa moja, na juu yake nimeandika kwa maneno yangu mwenyewe kwamba asiyeweza kungoja miezi miwili asiniagize. Mpaka leo hakuna aliyeniagiza.

Hiyo ndiyo habari yangu. Hukunilea uje usikie haya, najua. Tangu mama afariki wewe ndiye uliyenisuka nywele, ukanipeleka shule, ukanichapa nilipostahili. Nimekudanganya nawe kwa miezi kama nilivyomdanganya yeye, kwa maneno mafupi ya kukufanya usiulize. Mwalimu hakunigombeza, dada. Alinyamaza tu, na sikujua kimya cha mtu mmoja kinaweza kujaza nyumba kiasi hiki. Usinifanyie hivyo. Hata kama ni kunisema, hata kama ni ukurasa mzima wa kunisema, niandikie.

Nisalimie shemeji, umwambie achue goti kwa nguvu. Mbusu mjukuu mashavuni kwa niaba yangu. Majirani wanaonikumbuka wape salamu, wasionikumbuka waache walivyo. Nimeambatanisha bahasha yenye anwani yangu tayari, namba ya chumba nimeipigia mstari mara mbili.

Ni mimi mdogo wako,

Kitindamimba