Mpunga wa Mama, Karibu-Wageni

Mikelenge, Kindu, 5 Julai 1998

Mudogo wangu Blaise,
Salamu nyingi. Tuko wazima, ila magoti yananisumbua. Huko Kisangani mnakula vizuri? Mpunga wa marehemu Mama, ule Karibu-Wageni, umetoka madoa kwenye majani. Majirani wanasema ni kijicho. Nakutumia majani na suke moja. Mbegu iliyobaki iko kwenye kapu, juu ya moshi. Septemba nipande au nisipande? Ni wewe njo unasomea magonjwa ya mimea.
Dada yako mkubwa, Yaya Odette

Kisangani, 29 Julai 1998

Yaya mpendwa,
Pole na magoti. Si kijicho, ni kuvu, na kuvu wana koo zao kama sisi. Mmoja huacha doa lenye ncha mbili, naye humaliza shamba zima. Mwingine doa lake ni la mviringo kama ufuta, huja pale udongo umechoka. Madoa yako siyaelewi bado. Nitamwotesha kuvu huyu kwenye labo nimtazame kwa darubini. Usipande mpaka nikuandikie. Mvumilivu hula mbivu.
Mudogo wako, Blaise

Mikelenge, 14 Agosti 2003

Blaise,
Uko muzima? Sisi tungali hai, Mungu asifiwe. Jana muntu wa baiskeli ameniletea barua yako ya Septemba 1998: kuvu ni yule wa ufuta, nipande tu, niongeze majivu. Nimelia sana. Assani jirani alipanda mpunga wa kwake, mimi nikakungoja. Oktoba vita vikaingia Kindu, tukakimbilia porini, njia iendayo mji wa Kama, kapu la mbegu kichwani. Watoto walipolia njaa nikautwanga wote. Assani aliporudi, mpunga wake ulikuwa umejiotea kwenye magugu. Mvumilivu hula mbivu, ulisema. Mimi nilikula mbegu.
Yaya wako

Kisangani, 3 Februari 2024 (kwa simu)

Yaya, jambo. Magoti vipi? Miaka yote hii nakuandikia habari za mvua na watoto, mpunga ule naukwepa. Wiki hii tunapanga upya mkusanyo wa kuvu wa chuo, nikaikuta bahasha yako. Majani yapo, suke lipo. Nimejaribu kuotesha punje zote, hakuna hata moja iliyoamka. Kuvu siku hizi amehamishiwa ukoo mwingine, kapewa jina jipya. Kwenye lebo ya bahasha, mstari wa jina la mmea, niliandika "mpunga" tu. Najuta, Yaya.
Blaise

Kindu, 4 Februari 2024

Mudogo wangu, magoti ni yaleyale. Punje ziache, zimechoka. Chukua kalamu. Kwenye mstari huo ongeza: Karibu-Wageni, wa Mama Déborah wa Mikelenge. Kuvu mmempa majina mawili, mpunga wa Mama hata moja hamkuupa.
Yaya