Mbao za Stoo ya Absalom

Kamukuywa,
12 Aprili 1987

Kwa binti yangu Agneta,

Pokea salamu za nyumbani, wewe, mume wako na mtoto. Huku tuko wazima. Mvua imeshika, mahindi yametoka vizuri, na goti langu la kushoto ni lile lile. Salamu zimeisha, sasa niseme kilichonikalisha chini kuandika.

Jana sokoni Nderitu, yule mwenye lori la mahindi, alisimama mbele ya watu akanipongeza. Ati, "Mama Agneta, mkwe wako Kimutai ni fundi kweli. Amemjengea mamake baraza ya mbao, mama anakaa juu pale kama mke wa chifu, miguu haigusi tope." Nikacheka pamoja na watu. Nikanunua chumvi ambayo sikuihitaji, nikaenda nyumbani.

Agneta, baraza ilijengwa lini? Kwa nini habari za nyumba ya mtoto wangu nazisikia sokoni kutoka kwa mtu wa mahindi? Na huyo mamake, Chelangat, anakaa hapo asubuhi mpaka jioni? Chai anapikiwa na nani? Usinijibu hilo, najua ni wewe.

Sina wivu. Nauliza tu.

Nasambu ameanza kuongea? Mwambie Kukhu wake, nyanya yake wa huku, anamsalimia.

Mimi mama yako,
Nekoye


Kibomet, Kitale,
3 Mei 1987

Mpendwa Mayi,

Barua yako ilifika Jumanne. Nilifurahi kuona mwandiko wako kabla sijasoma, na nilipomaliza kusoma nikakaa kidogo. Sisi tu wazima. Mtoto alikuwa na kikohozi, sasa kimeisha. Pole na goti.

Mayi, baraza yenyewe si kitu cha kutangaziwa mtu. Kuna nyumba ya zamani ya mzungu inabomolewa huko upande wa Endebess, na Kimutai ni mmoja wa mafundi. Mwenye shamba alitaka sakafu ya mbao ipasuliwe iwe kuni. Kimutai akaiomba. Kila jioni alikuwa anakuja na mbao mbili tatu kwa baiskeli. Tulikuwa tunang'oa misumari pamoja, mimi nainyoosha juu ya jiwe, yeye anapiga randa, na upande wa chini anapaka oil chafu ili mchwa wasile. Amezipandisha juu ya nguzo za mwerezi hapo mbele ya mlango, akaacha nafasi ya kidole kati ya ubao na ubao ili maji ya mvua yapite. Mashimo ya misumari ya zamani bado unayaona. Si kitu cha mke wa chifu.

Miguu ya Kogo inavimba wakati wa mvua, ndiyo sababu anakaa hapo. Tunamwita Kogo kwa sababu kwa Kikalenjin ndiyo nyanya. Na ndiyo, mtoto ameanza kuongea. Neno lake la kwanza lilikuwa hilo, Kogo. Na Mayi, jina lake ni Jerono. Nasambu ni la pili. Nakuomba usikasirike.

Karibu utuone. Najua utakachosema, lakini nasema tu karibu.

Binti yako,
Agneta


Kamukuywa,
24 Mei 1987

Agneta mwanangu,

Nashukuru kusikia kikohozi kimeisha. Goti halijaisha.

Unaniambia karibu. Nikaribie wapi? Wewe ulizaliwa hapa, unajua mama havuki mlango wa mume wa binti yake. Wengine siku hizi wanavuka, wanasema wameokoka, mpaka wanatandikiwa kitanda. Mimi pia nimeokoka lakini haya sijaiacha. Nije nisimame kwa geti kama muuza mboga, nikimwangalia Chelangat akinywa chai yako huko juu?

Huyo mama ana mtoto wa kiume. Ana nyumba ya kuingia na kutoka anavyotaka. Amepewa baraza. Na sasa amepata hata neno la kwanza la mjukuu wangu. Ulipougua surua, ni mimi nilikubeba mgongoni kwa miguu mpaka hospitali ya Misikhu. Yeye alikuwa wapi?

Sasa nisikilize. Wiki hii nimebomoa stoo ya mahindi ya baba yako. Unazijua mbao zile. Marehemu Absalom aliupasua ule mvule mwenyewe, yeye na nduguye, kwa msumeno wa shimo, mmoja juu mmoja chini, na mimi nikazibeba kichwani kutoka mtoni nikiwa na mimba yako. Mahindi yangu ni machache, yatakaa ndani kwa magunia. Nderitu atakuletea mbao zote. Kuna mmoja una alama za meno ya panya pembeni, huo usitupwe. Baba yako alitega mtego hapo kila jioni na hakuwahi kushika panya hata mmoja, lakini hakuacha kutega.

Mwambie mume wako aziweke kwa hiyo baraza, katikati, mahali penyewe pa kukalia. Nataka Chelangat akikaa ajue anakalia mali ya nani.

Mama yako,
Nekoye


Kibomet, Kitale,
15 Juni 1987

Mpendwa Mayi,

Habari za siku. Hapa ni wazima, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika nguo.

Mbao zimefika. Kimutai alizishusha mwenyewe, akazipitisha mkono moja moja, akaniuliza ni nani aliyezipasua. Nikamwambia. Bado hajaziweka mahali. Akiwa anawaza kazi hapendi kuulizwa, kwa hiyo simuulizi.

Kogo naye alishuka kutoka barazani akaja kuziangalia. Akauinamia ule wenye meno ya panya, kisha akarudi kukaa.

Asante Mayi. Najua stoo ile ilikuwa nini kwako.

Binti yako,
Agneta


Kamukuywa,
6 Septemba 1987

Agneta,

Natumaini mko wazima. Mimi siko.

Kaka yako Wekoye amerudi kutoka Kitale. Alipita kwenu Jumamosi wewe ukiwa sokoni. Hakutaka kuniambia, nikamnyima chakula mpaka akasema. Mbao za mvule ziko chini. Chini, Agneta! Zimelazwa kutoka geti kufuata ua, zimefanywa njia. Kuku wanatembea juu yake, na mume wako mwenyewe alipita juu na gumbuti zenye tope, kaka yako akiangalia. Na Chelangat yuko juu palepale kwa sakafu ya mzungu, anajipepea.

Kwa hiyo ya mzungu ndiyo ya kukaliwa, ya baba yako ndiyo ya kukanyagwa. Nimeelewa. Nilikutumia kitu ili nami niwe na mahali kwa nyumba yako, mkanitandika kwa geti mpanguse miguu juu yangu. Absalom hakupasua mti ili kuku wa Kibomet wapate pa kupita.

Usiku naota Chelangat ananiuliza, "Hizi ndizo mbao zako?" Naamka nikiwa na hasira na mtu ambaye tumeonana siku ya mahari tu.

Nazitaka mbao zangu. Usiniandikie mpaka zifike.

Nekoye


Kibomet, Kitale,
20 Septemba 1987

Mpendwa Mayi,

Umesema nisiandike, na mimi naandika. Hata neno "mama yako" hukuweka mwisho wa barua. Nimeisoma mara nyingi nikilitafuta.

Kuna jambo nimekatazwa kusema, na Kimutai hajawahi kunikataza kitu, kwa hiyo hili nitalitii. Anasema mama mkwe haitwi kwa kazi ya nusu. Wekoye aliona nusu. Nakuomba usubiri. Kama kuku walipita, kuku hawajui heshima ya mtu, na gumbuti ni za fundi aliye kazini.

Jerono anakusalimia. Ameota meno ya nyuma.

Binti yako,
Agneta


Kibomet, Kitale,
13 Desemba 1987

Mpendwa Mayi,

Nimeandika Oktoba na Novemba, sijaona jibu. Nderitu anasema uko mzima, ila akitaja Kitale unaanza kuongea habari za mbolea. Ile sukari niliyokutumia imerudi na lori lake haijafunguliwa. Niliiweka juu ya kabati na kila nikiiona nalia, basi nimeifunika na kitambaa.

Kazi imeisha. Kimutai anataka ujionee mwenyewe, anasema si jambo la kuelezwa kwa barua. Njoo Krismasi. Kama si Krismasi, njoo siku yoyote. Njoo hata ukiwa na hasira.

Binti yako,
Agneta


Kibomet, Kitale,
31 Januari 1988

Mpendwa Mayi,

Natumaini barua hii inakukuta vizuri, maana mimi sijui hata nikuwazie vipi.

Jana nilikuwa semina ya akina mama wa kanisa, Kimutai yuko kazini, Jerono nilimwacha na Kogo. Nimerudi jioni, nakuta alama za magurudumu ya lori kwa geti na mtaimbo umelala kwa nyasi. Vikombe viwili vimeoshwa vimeinamishwa. Namuuliza Kogo nani alikuja, anacheka peke yake, anasema, "Muulize mama yako." Kimutai amezunguka kwa taa akikagua mbao. Hakuna hata msumari uliotoka.

Mayi, ulikuja? Ulifanya nini hapa?

Binti yako,
Agneta


Kamukuywa,
14 Februari 1988

Agneta mwanangu,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumba hiyo, na nikisema wote leo namaanisha wote. Mimi ni mzima, hata goti limetulia.

Nilikuja kung'oa. Sitakudanganya. Mtaimbo ni wa Wekoye. Nderitu alikataa kushuka, ati yeye ni mtu wa mahindi, mambo ya wakwe hayajui. Nikaingia mwenyewe. Nikaona mbao zangu chini kama nilivyoambiwa, nikainama kwa ubao wa kwanza. Haukuwa na tope. Ulikuwa umepanguswa. Nikasema wacha nifuate mpaka mwisho, nianzie kung'oa huko.

Mbao hazikuelekea mlango wenu. Zimeshika ua, zikapita nyuma ya migomba, mahali ambapo mwenye nyumba hata akisimama mlangoni hawezi kukutana uso na anayepita. Hapo nikasimama. Hiyo ni njia ya mama mkwe, Agneta, na mimi nilikuwa naikanyaga na mtaimbo mkononi. Sijui nani alimfundisha mtoto wa watu desturi yetu namna hiyo. Kama ni wewe, asante.

Halafu nikaona baraza. Ndogo, ina paa lake na ngazi yake, imeangalia sukuma wiki yako na dirisha la jikoni, na haijashikana na nyumba. Kati yake na ukuta mkono unapita. Mtu anaweza kukaa hapo akaongea na binti yake anayepika, na hajavuka mlango wa mtu. Mbao nene zote ziko hapo. Ule wa meno ya panya uko ukingoni, pale mtu anapoweka mkono akikaa. Nilipoushika nilimlilia baba yako kuliko siku ya mazishi.

Nikasikia mtu nyuma. Ni Chelangat, amesimama kwa nyasi, kitambaa cha kupangusia mkononi. Kiswahili chake ni kama changu, cha kuokota. Akaangalia mtaimbo, akasema, "Umekuja kuchukua? Chukua basi. Nimekaa kule mbele tangu Desemba nikiangalia hii, na roho inaniuma. Mimi ndiye nilimzaa Kimutai. Mimi akanipa sakafu ya mzungu yenye mashimo. Wewe akakupa mvule, akaupiga randa mpaka unang'aa, na akasema mtu yeyote asikae mpaka uje. Na ni mbao za mume wako. Wangu hakuniachia hata mpini wa jembe."

Agneta, nilisikia raha sana. Sitaficha. Niliweka mtaimbo chini, nikapanda, nikakaa katikati, yeye amesimama kwa nyasi ananiangalia, na kwa muda ule sikutaka kitu kingine duniani.

Mtoto akatoka jikoni mbio. Alipofika kwa ukingo wa mbao akasimama. Nikamwita, "Nasambu, njoo." Akakataa na kichwa. Akasema, "Ya Kukhu."

Nikamuuliza ni nani alimfundisha hilo neno. Akanyoosha kidole kwa Chelangat.

Nikamwangalia yule mama. Miguu imevimba kweli, inajaa viatu. Nikasogea. Nikamwambia apande. Akauliza akae upande gani. Nikamwambia popote, isipokuwa pale kwa meno ya panya. Akakaa mbali kidogo, akapitisha kiganja juu ya mvule, tukanywa chai yako pamoja, na mtoto akalala miguuni mwetu, kichwa kwake, miguu kwangu. Hilo la kichwa nimeliona, lakini nimeliacha.

Basi mwambie Kimutai asante, nami sitamwambia mwenyewe kwa sababu unazojua. Chelangat akae wakati sipo, Jerono achezee hapo, mbao zisipokaliwa zinakuwa kama za duka. Lakini pale kwa panya ni pangu na baba yako, na mwambie Chelangat nikija nitajua.

Mama yako,
Nekoye

Ile sukari bado iko? Nderitu anapita kwenu Ijumaa.