Asetoni ya Mchumba Wako

Mdogo wangu Nyamizi,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Huku Mwanza kuna upepo mzuri wa ziwa, kuna sato watamu, halafu kuna huyo mchumba wako, mtaalamu wa maabara ya shule. Jana aliona rangi ya kucha zangu inabanduka, akaniletea asetoni ya kuiondolea, ya kazini kwake, ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Akaiweka mezani, karibu na glasi zetu. Kisha akaimimina kwenye boksi la chipsi, lile jeupe jepesi, huku akinihubiria kwamba asetoni huyeyusha rangi, gundi na plastiki nyingi. Boksi likayeyuka tukiliangalia, asetoni ikatiririka mezani, na pembeni sato wanakaangwa kwenye jiko la mkaa. Mvuke wa asetoni hushika moto hata ukiwa mbali na jiko. Hilo alinieleza yeye mwenyewe, kasimama palepale, mimi nakimbiza jiko uani.

Baadaye akaniomba nisikuambie. Ndiyo maana nakuandikia kwenye kadi isiyo na bahasha, mama aisome kabla yako. Nakupenda sana. Ukiamua kuolewa naye, maji ya kunywa yafungie kabatini.

Dada yako,
Kabula