Gusa Ugoko Kwanza

Mpendwa Dada Neema,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kila mfanyakazi kukaguliwa mifuko, nakutangazia kwamba kile kiunzi cha mifupa cha plastiki nyuma ya iliyokuwa meza yako kimepoteza kidole. Kidole gumba, mguu wa kushoto. Zamani tungesema kina shida ya mguu, tukaendelea na chai. Raha hiyo umetuharibia wewe.

Unaikumbuka kliniki yetu ya vidonda ulipotujia kutoka Bukavu? Kidonda kilekile, mimi nakiingiza kwenye kompyuta "ugoko", mwenzangu Mkenya anaandika "muundi", daktari anaandika "mbele, chini ya goti", na zamu ya mchana inaandika "palepale pa jana". Kila mtu alijielewa. Wenzetu wa Nairobi na Bukavu walipoomba data zetu wazilinganishe na zao, tukawapelekea mchuzi.

Ndipo ukaleta ule msamiati wa anatomia wa kimataifa. Kila sehemu ya mwili ina jina moja rasmi, namba yake, na imeelezwa ni sehemu ya nini, hata anayetafuta vidonda vya chini ya goti akaletewa na vya ugoko bila kujua sisi huwa tunasemaje huku Old Kampala. Mimi, niliyejifundishia kompyuta kwenye kibanda cha intaneti Kabalagala, nilidhani hayo ni mapambo ya watu wa mikutano.

Sharti lako lilikuwa moja tu: asichague mtu namba kabla hajagusa mahali penyewe mwilini mwake. "Gusa kwanza, kaka. Kichwa inadanganya, mukono haidanganyi."

Ofisi nzima tukawa tunajipapasa kama watu waliopoteza funguo. Siku wafadhili walipoingia bila kubisha, daktari alikuwa amefika kwenye kinena.

"Banange, nyabo! Jamani, bibie!" akakulalamikia. "Sasa hawa nawaambia natafuta nini?"

Hukuinua hata macho. "Waambie namba, docta."

Tulicheka mpaka ulipotusimulia ya mama yako. Kidonda kimoja, hospitali tatu, na kila hospitali ikaanza upya kwa sababu haikuelewa maandishi ya iliyotangulia. Mwisho mguu ukakatwa. Ulisimulia huku unaandika, halafu ukasema, "Mimi nataka tu hizi data siku moja zikutane." Tangu hapo hakuna aliyeulizwa mara mbili kama amegusa.

Ulipohamia huko kwenye theluji, niliogopa. Msimamizi mpya alisema namba zinachelewesha kazi, turudie maneno yetu. Aliyekataa ni daktari, yuleyule wa kinena: "Ssebo, bwana, hapa sisi tunagusa."

Jumatatu tuliwatumia Bukavu faili. Nilikaa karibu na simu nikisubiri maswali, maana zamani yalikuja kama mvua. Simu haikulia. Jioni Bukavu wakaandika: "Zimeingia zote." Dada, wagonjwa wao na wetu sasa wako kwenye jedwali moja, na daktari ameanza kusoma dawa ipi ilimfaa nani. Nimefanya kazi na watu wengi wenye sauti kubwa. Wewe ulitupanga bila kupaza yako.

Kaa salama, uvae soksi.

Kidole tumekiandika kwa namba yake, na upande wa kushoto tumeutaja. Bado hatujakipata.

Mdogo wako wa meza ya dirishani